Nimemaliza shahada ya sheria: nifanye kazi kwanza au niende Law School moja kwa moja?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 25, nyumbani ni Makambako. Mwaka jana nilihitimu shahada ya sheria katika chuo kimoja cha Iringa. Tangu hapo nipo nyumbani, namsaidia mama dukani.

Baba mdogo ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki, na anataka niombe Law School, shule ya mafunzo ya vitendo ya kuwa wakili, dirisha la maombi likifunguliwa tu. Anasema ngojangoja huumiza matumbo, na kwamba nikishaonja mshahara sitarudi tena darasani. Kaka yangu anaona tofauti. Anasema nisiende Dar es Salaam mikono mitupu, kwa sababu wenzangu wawili niliosoma nao wamebaki na masomo ya kurudia, na wanasema waliulizwa mambo ambayo chuoni tuliyasoma kwa majina tu.

Nimepata nafasi tatu. Wakili mmoja wa Mbeya mjini amekubali nijitolee ofisini kwake bila posho, na ningekaa kwa shangazi Uyole. Shirika la wasaidizi wa kisheria hapa mkoani Njombe litanipa posho ya 150,000 kwa mwezi. Kampuni moja ya parachichi inatafuta msaidizi wa ofisi ya utumishi kwa mshahara wa 450,000.

Naomba kujua: Law School wanaangalia uzoefu wakati wa kuchagua wanafunzi? Nikifanya kazi kwanza, niende wapi kati ya hizo tatu, na kwa muda gani? Na baba mdogo nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mhitimu, Makambako

*

Marahaba, binti.

Tuanze na swali la kwanza, maana jibu lake ni fupi na linabadilisha mengine yote. Law School haimlazimishi mwombaji awe amefanya kazi. Inataka shahada ya sheria kutoka chuo kinachotambuliwa, pamoja na vyeti vyako vya nyuma. Kwa hiyo usiende kwa wakili wa Mbeya ili upate barua ya kuambatisha kwenye maombi. Nenda kama unataka mikono yako ijue kazi ambayo mitihani ya kule inaipima.

Na inaipima kwelikweli. Mwaka 2022 matokeo ya kundi moja yalizua mjadala nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza chanzo. Mengi yalisemwa kuhusu mitaala, walimu na lugha, ila kwa mtahiniwa jambo linalomgusa ni moja. Chuo kikuu kinakuuliza hati ya madai ni nini. Law School inakupa maelezo ya mteja yaliyochanganyika, nusu ya lazima na nusu ya hasira, halafu inakutaka uandike hati yenyewe, mahakama sahihi, kifungu sahihi, muda ukiwa unakwenda. Mtu aliyeshika majalada kumi ana nafuu kubwa kuliko mwenye GPA nzuri ambaye hajawahi kufungua jalada hata moja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: nenda kwa wakili Mbeya, miezi tisa hadi kumi na miwili, lakini kwanza hakikisha mambo fulani.

La kwanza ni kama huyo ni wakili kweli. Ingia kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili, tafuta jina lake, uone kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Vishoka wapo kila mji wenye mahakama, na wengine wana ofisi safi na mihuri ya kuvutia. Ukikaa kwa kishoka miezi tisa utajifunza makosa, na jina lako linaweza kuingia kwenye kesi ya jinai kabla hujaapishwa. Hata kwa wakili halali kuna mipaka yako. Usijitambulishe kama wakili, hata kwa mteja anayekuita hivyo kwa heshima. Usipokee fedha ya mteja mkononi. Mwelekeze kwa anayetoa risiti. Usiandae hati ya mtu kwa malipo nje ya ofisi. Hati zinazokwenda mahakamani lazima zionyeshe aliyeziandaa, na asiye wakili anayeziandaa kwa ujira anavunja Sheria ya Mawakili. Ndugu na majirani wa Makambako watakuja kukuomba uwaandikie. Wapeleke ofisini.

La pili, angalia kama ofisi ina kazi. Kabla ya kuhamia Uyole, nenda ukakae Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi asubuhi mbili tatu. Mashauri husikilizwa hadharani, huhitaji kibali kukaa benchi la nyuma ukiwa kimya. Utaona mara moja kama wakili wako ana mashauri yanayosikilizwa, au kila siku anaomba tarehe nyingine. Ofisi inayoishi kwa kugonga mihuri vyeti na mikataba ya kuuziana bodaboda itakufundisha kugonga mihuri.

La tatu, omba barua ya ukurasa mmoja: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, nani atakusimamia, kazi utakazofanya, na ahadi yako ya kutunza siri za wateja. Katika kazi hizo omba iandikwe wazi kuandaa rasimu, kufuatilia majalada masjala, na kuhudhuria mahakamani pamoja naye. Bila barua, wanaojitolea huishia kuchapa, kununua chai na kupanga foleni benki. Wengi hawafanyiwi hivyo kwa ubaya. Hakuna tu aliyesema mapema walichokuja kufanya.

Nauli nayo ipigie hesabu kamili: Uyole hadi mjini kwenda na kurudi, mara siku 22 za kazi, ongeza chakula cha mchana na vocha. Mwulize wakili kama anaweza kufidia angalau nauli. Wengi hukubali wakiombwa kwa adabu na kwa hesabu iliyoandikwa. Asiyeweza kabisa atakuambia, nawe utajua ujipange vipi.

Sasa kazi yenyewe. Wiki za kwanza usikimbilie kuandika. Shika shajara ya ofisi na majalada. Kila jalada lisome kutoka karatasi ya kwanza, ujue liko hatua gani: linatajwa, linasikilizwa, linasubiri uamuzi mdogo au hukumu. Kisha tafuta tarehe inayoua. Kila shauri linayo. Aliyepokea hati ya madai chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai ana siku 21 kuleta utetezi wake wa maandishi. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Ikitoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 tena, na hapa wengi huteleza: kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, hati ya rufaa ya kwenda Mahakama Kuu hufunguliwa kwenye Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi. Mtu akiipeleka moja kwa moja masjala ya Mahakama Kuu, siku zinaendelea kuhesabika huku yeye anaamini amemaliza. Kwenye jinai iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu lina siku 10, na rufaa yenyewe siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu.

Tarehe ikishapita, kinachofuata ni maombi ya kuongezewa muda, na hayo ni mlima. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lyamuya Construction ambalo utalikuta kila mahali, iliweka vigezo, kimojawapo kikiwa kueleza kila siku ya ucheleweshaji. Kila siku. Ukiandika kwamba mteja aliugua mwezi Mei wakati muda uliisha Machi, umeshaanguka. Mwombe wakili akupe maombi ya aina hiyo yaliyowahi kutupwa, usome kwa nini. Jalada lililoshindwa lina mafunzo mengi kuliko lililoshinda.

Baada ya hapo anza rasimu, na uanze na hati ya kiapo. Inaonekana nyepesi, na ndiyo inayoangusha maombi mengi. Hati ya kiapo ni ushahidi, kwa hiyo inabeba mambo yaliyotokea tu. Hoja, sheria, maombi na maoni havina nafasi humo. Mhitimu mpya ataandika hivi:

“Kwamba mjibu maombi ni mvamizi na kitendo chake ni kinyume cha sheria, hivyo mahakama imzuie.”

Hapo kuna tusi, hoja na ombi, na hakuna tukio hata moja. Aya hiyo inatakiwa isomeke hivi:

“Kwamba tarehe 14 Machi 2025 mjibu maombi aling'oa mawe manne ya mpaka upande wa mashariki wa shamba langu na kuanza kulima.”

Kisha nenda kwenye uthibitisho mwishoni. Taja aya zipi unazijua mwenyewe na zipi umeambiwa, na nani kakuambia. Ukimtaja mtu huyo kama chanzo cha jambo la msingi, naye aape hati yake, vinginevyo aya hiyo ni ya kusikia tu. Mwisho kabisa, mahali kamishna wa viapo anapojaza, lazima paonyeshe kiapo kimeapwa wapi na lini, na kamishna huyo asiwe wakili wa upande wowote katika shauri hilo. Tarehe ikikosekana hapo, upande wa pili utaleta pingamizi la awali, na shauri linaweza kuondolewa kabla mtu hajasikilizwa juu ya shamba lake. Andika hati za kiapo ishirini, umpe wakili azichoree kalamu nyekundu, uziandike tena. Afadhali hiyo kuliko kusoma sura mbili za kitabu.

Kwa nyanda zetu hizi, mashauri ya ardhi yatakuwa mengi mezani kwako: mashamba ya mpunga Mbarali, miti Mufindi, mipaka ya vijiji, watoto wa mama wawili wanaogombea kihamba cha marehemu. Jifunze mlango wa kuingilia. Tangu marekebisho ya 2021, baraza la kata halitoi tena uamuzi kwenye mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa linathibitisha hivyo, au siku 30 zikipita bila suluhu, ndipo mtu anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo bado wanaokuja na “hukumu” ya kata ya mwaka juzi wakitaka itekelezwe. Halafu shamba lielezwe. “Shamba la ekari tatu lililopo Igawa” halitoshi, kwa sababu ekari tatu za Igawa ni nyingi. Taja kitongoji, kijiji, nani amepakana kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na namba ya hati ya hakimiliki ya kimila kama ipo. Na mdaiwa akiwa halmashauri, simama: kuna notisi ya siku 90 kwanza, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri liende Mahakama Kuu.

Kuwa na daftari lako. Kila jalada ukurasa mmoja: tatizo, mahakama, sheria iliyotumika, kosa lililotokea, na wakili alilirekebishaje. Majina ya wateja usiandike, na karatasi za jalada usizipige picha kwa simu yako hata kama unataka kusomea nyumbani. Siri ya mteja inakuhusu hata wewe usiyelipwa. Jioni soma TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, hukumu moja tu kwa siku, hasa za Mahakama Kuu Mbeya na Iringa, kwa sababu utakuta mabaraza na mahakama zilezile unazozijua. Angalia pia namba za vifungu. Toleo la sheria la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limebadilisha namba nyingi, na fotokopi za chuoni zina namba za zamani. Ukizinukuu hizo kwenye mtihani au kwenye hati, umejikwaza bure.

Lugha ni jambo ambalo watu wa kwetu hulikwepa. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, na Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikikitumia siku zote. Hata hivyo utakutana na Kiingereza kingi Law School na Mahakama Kuu. Mteja atakueleza kwa Kiswahili, kibena au kinyakyusa, nawe utatakiwa kuandika kwa Kiingereza kilichonyooka. Zoezi hilo lifanye kila siku ukiwa ofisini: maelezo ya mteja ukurasa mmoja, yageuze kuwa aya sita za tukio kwa mpangilio wa tarehe.

Kuhusu shirika la wasaidizi wa kisheria, usilidharau. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 huduma yao ni ya bure, na kule utakutana na watu ambao hawafiki kwa wakili: wajane, watoto wanaodaiwa matunzo, wazee wanaonyang'anywa vihamba. Mirathi utaijua kuliko mahali pengine popote. Utaona msimamizi anateuliwa Mahakama ya Mwanzo kwa muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo kutoka RITA, halafu anakaa miaka bila kurudi, wakati alipaswa ndani ya miezi minne kuwasilisha fomu namba V ya orodha ya mali na namba VI ya hesabu ya mgawanyo. Ugomvi mwingi wa mirathi unaanzia hapo. Udhaifu wa nafasi hii ni kwamba hutaandika sana hati za mahakama za juu. Kama wakili wa Mbeya atashindwa vigezo nilivyotaja, chukua hii. Kama atavipita, omba shirika likuchukue miezi miwili kabla ya kuhamia Uyole, nayo 300,000 ya posho ikulipie nauli ya mwanzo.

Kampuni ya parachichi ichukue kwa sababu moja tu, ada. Uzoefu wa kisheria upo kidogo: mikataba ya kazi, barua za onyo, vikao vya nidhamu, na mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi utaiona fomu ya kufungulia malalamiko, CMA F1, na siku 30 za mfanyakazi kulalamikia kuachishwa. Zaidi ya hapo ni mahudhurio na likizo za watu. Lakini kama hakuna fedha ya ada wala ya kuishi Dar, huo ndio ukweli wa mambo na hakuna aibu ndani yake. Saini mkataba wa muda maalumu, weka akiba kila mwezi kwenye akaunti ambayo huishiki kwa simu, na siku zako za likizo kakae mahakamani. Kabla ya kuamua, soma mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka husika uone unavyowahusu wanafunzi wa Law School.

Baba mdogo ana hoja, tena nzito. Wapo wengi waliosema “mwaka mmoja tu” na sasa ni mwaka wa sita. Usiende kumshawishi kwa maneno. Nenda na barua ya wakili yenye tarehe ya kumaliza, na karatasi moja yenye hesabu ya nauli na mwezi utakaoomba Law School. Mwombe yeye ndiye ashike nakala, na umwambie kwamba tarehe hiyo ikifika anayo haki ya kukuuliza. Aliyekulipia chuo anastahili kuona mpango ulioandikwa. Na usizidishe mwaka. Baada ya miezi kumi na miwili ofisini faida inapungua haraka, kwa kuwa bila uwakili huwezi kusimama mahakamani, na utabaki kurudia kazi ambazo umeshazijua.

Wakati huohuo panga nyaraka zako mwezi huu, si wiki ya mwisho. Chukua cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha shahada na kitambulisho cha NIDA, uviweke mezani pamoja, usome jina herufi kwa herufi. Kama kimoja kinasema Neema na kingine Nehema, au jina la kati limerukwa, tatizo hilo litakufuata kwenye maombi, kwenye mkopo, na tena siku ya kuomba kuandikishwa kuwa wakili. Mwulize wakili wako kama kiapo cha majina kinatosha au unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kisha uikamilishe ukiwa bado Mbeya.